Kabla hamjafuta kila kitu kule Kabonga

Vijana wenzangu, naandika kwanza kwa ninyi mliorudi Kabonga, Nyanza-Lac na Rumonge, halafu kwa sisi ambao bado tupo huku kambini. Wiki hii kwenye kikundi maneno yamekuwa mengi kuhusu zile kompyuta tatu za chumba cha Kabonga, na nimesoma ujumbe wote, hata zile sauti ndefu za usiku. Mmoja anasema: "Mashine ni zetu sasa, futeni kila kitu tuanze upya, nusu saa imeisha." Mwingine anasema: "Msiguse chochote, wenye mradi watarudi kutengeneza." Mimi nasema wote wawili wanakosea, ila wa kwanza anakosea vibaya zaidi, maana kosa lake likishafanyika halina dawa.

Ngoja nieleze kilichomo ndani, kwa sababu naona wengi wanabishana juu ya kitu ambacho hawajakiona.

Zile kompyuta tatu hazifanyi kazi kila moja peke yake. Zimeunganishwa kuwa klasta, yaani zinagawana kazi kama mashine moja kubwa. Kinachoziunganisha ni k3s, ambayo ni Kubernetes iliyopunguzwa uzito kwa ajili ya mashine ndogo kama zetu. Kubernetes ilitangazwa na Google mwaka 2014, na jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Mtu wa ziwani anaelewa hapo hapo. Kazi yake ni kuendesha kontena: programu inafungwa pamoja na vitu vyake vyote, inawekwa juu ya mashine yoyote ya klasta, ikianguka inainuliwa tena. Maktaba yetu ya Wikipedia isiyohitaji intaneti, ile ya Kiwix, iko kwenye kontena. Masomo ya Kolibri nayo yako kwenye kontena. Hivyo havina tatizo.

Tatizo ni kitu cha pili kilichowekwa juu yake, KubeVirt. Kontena ni kama chumba cha kupanga: una mlango wako na kufuli lako, lakini msingi na paa ni vya nyumba nzima. Mashine pepe ni nyumba kamili iliyojengwa ndani ya chumba, yenye msingi wake na paa lake. Inabeba mfumo wake wote wa kuendeshea, Windows au mwingine, na inajidhani ni kompyuta ya kweli. KubeVirt ndiyo inayoruhusu nyumba hizo zikae ndani ya klasta ya kontena. Ilianzia kwa watu wa Red Hat, ikatolewa hadharani mwaka 2017, na toleo lake la 1.0 likatoka 2023. Siyo programu mbaya, wala sitaki mtu aseme nimesema hivyo. Makampuni makubwa duniani yana programu za zamani ambazo haziwezi kuingia kwenye kontena, na tangu Broadcom iliponunua VMware mwishoni mwa 2023 na kubadilisha namna ya kulipia leseni, wengi wanatafuta pa kuhamishia mashine pepe zao. KubeVirt ni sehemu mojawapo wanayokimbilia.

Lakini kwetu? Kompyuta tatu za mkono wa pili, kila moja RAM ya GB 8. Iliwekwa kwa sababu moja tu: programu ya rekodi za shule iliyotumika kambini ilikuwa ya Windows na haikukubali kukaa mahali pengine. Basi ikaundwa mashine pepe moja ya Windows, ikapewa GB 4, nusu ya kompyuta nzima, ili kufungua programu ambayo mwalimu mmoja aliitumia mara mbili kwa wiki. Maktaba ikawa inatambaa. Watoto wanabonyeza ukurasa, wanaenda kunywa maji, wanarudi bado unafunguka. Kwa hiyo kwamba KubeVirt iondoke, mimi nakubali kwa mikono miwili.

Sasa sikilizeni kilichomo ndani ya ile Windows. Mle ndimo zilimo rekodi za masomo: majina, madarasa, alama, buletini za miaka yote ya kambini. Mnajua sisi tuliokimbilia Tanzania tulisoma mtaala wa Burundi kambini. Wengi wetu tulivuka hapo hapo Kabonga mwaka 2015 tukaangukia Kagunga upande wa pili, kwenye ule ufuko mwembamba na kipindupindu cha mwezi wa tano, mpaka Liemba ikatupeleka Kigoma. Tulisoma tukiambiwa kwamba siku ya kurudi, masomo yatahesabika. Siku ya kurudi imefika kwa baadhi yenu. Mnaenda shule mnaulizwa: buletini iko wapi? Ya karatasi imeloa, imeliwa na mchwa, imepotea kwenye mizigo ya basi. Nakala iliyobaki iko kwenye faili moja la diski ya mashine pepe, ndani ya kompyuta moja kati ya zile tatu mnazotaka kuzifuta kwa nusu saa.

Ndiyo maana naandika kwa ukali kidogo. Mnisamehe.

Mtu aliyesema "futeni k3s yote" labda hajui k3s inapojifuta inafanya nini. Inakuja na skripti yake ya kujiondoa, na hiyo skripti ni mwaminifu kupita kiasi: inaondoa klasta, usanidi wake, na lile folda lote ambamo k3s imehifadhi data zake. Na klasta yetu inatumia hifadhi ya kawaida ya k3s, ile inayoweka diski za programu ndani ya folda hilo hilo kwenye kompyuta yenyewe. Hakuna seva nyingine mahali popote yenye nakala. Ukiandika amri ile moja ukabonyeza kitufe, buletini zimeenda na klasta. Kompyuta itafurahi, itakuwa nyepesi, na maktaba itaruka kama swala. Na yule dada wa darasa la nane atarudishwa la sita.

"Basi tusifute k3s, tufute tu ile neimspesi ya mashine pepe." Hilo nalo nimelisoma kwenye kikundi. Hapana! Neimspesi ni kama kiwanja chenye uzio, na ukikifuta kila kilichomo kinafutwa pamoja nacho, likiwemo ombi la diski. Hifadhi ya k3s kwa kawaida imepangwa hivi: ombi la diski likifutwa, diski yenyewe inafutwa. Hata kuifuta mashine pepe peke yake ni hatari, kwa sababu mara nyingi diski imeandikishwa kama mali ya ile mashine, na klasta ina mfagiaji wake anayepita kufuta mali ambazo mwenyewe hayupo tena. Hakuulizi.

Sasa tuje kwa aliyetuachia hali hii. Sitamtaja, wala mradi wake sitautaja. Alikuja siku ya mwisho ya mkataba, akaambiwa "ondoa ile kitu nzito," akaondoa haraka haraka, akapanda gari. Alichofanya ni kufuta opereta kwanza.

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo ugonjwa ulipo. KubeVirt haikai kama programu moja. Ina opereta, ambaye ni msimamizi. Wewe unaandika barua moja tu inayosema "nataka KubeVirt hapa," na opereta anasoma ile barua, anajenga mengine yote: mpokeaji wa maombi, mdhibiti, na kibarua mmoja kwenye kila kompyuta. Ukitaka kuondoa, unatakiwa ufute ile barua kwanza huku opereta akiwa hai. Yeye ndiye anajua alichojenga na wapi, anakibomoa kimoja kimoja, akimaliza anatoa ile alama ya kuzuia iliyoko kwenye barua, wanaiita fainalaiza, na barua inaondoka. Halafu unamwondoa opereta mwenyewe, mwisho kabisa. Mwongozo wa KubeVirt unaeleza utaratibu huo wazi, na unaonya kwamba ukimwondoa opereta kwanza, barua itakwama kwenye neno Terminating. Itasema "naondoka, naondoka" mpaka mwisho wa dunia, kwa sababu aliyetakiwa kuifungulia mlango ameshafukuzwa.

Wavuvi wa mitumbwi miwili wanajua hili bila kompyuta. Wavu unaning'inia katikati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja, taa juu, ndagala wanakusanyika. Kukipambazuka unavuta wavu kwanza, ndipo unafungua kamba za mitumbwi. Kuna mtu anayefungua kamba kwanza?

Na madhara yake siyo neno kwenye skrini tu. Yule jamaa alimfuta opereta, neimspesi ya KubeVirt ikaanza kujifuta na kukwama, yule mpokeaji wa maombi akafa. Lakini kibao chake kwenye lango la klasta bado kipo, kinasema "maombi ya mashine pepe peleka chumba kile," na chumba chenyewe hakina mtu. Sasa Kubernetes kila inapofuta neimspesi yoyote, hata isiyohusiana, inapita kwanza kuuliza milango yote: una kitu cha huyu? Ikifika kwenye mlango usiojibu, inasimama. Ndiyo sababu ile neimspesi ya mchezo wa chesi mliyojaribu kuifuta nayo imekwama mpaka leo. Wala haikuwa virusi, kama mmoja alivyoandika kwa herufi kubwa.

Na mashine ya Windows? Iliendelea kutembea siku kadhaa bila msimamizi. Halafu umeme ukakatika, na mafuta ya jenereta mnajua hali yake Burundi. Uliporudi, maktaba iliinuka yenyewe, Windows haikuinuka, kwa sababu wa kuiinua hayupo. Ndipo watu wakasema "rekodi zimepotea." Hazijapotea. Diski imelala salama pale pale ilipokuwa. Inangoja tu mmoja wetu aje aiue kwa nia njema.

Nikifikiria haya nakumbuka Liemba yenyewe, na hapa niruhusuni nitoke nje ya mada kidogo. Wajerumani waliiita Graf von Goetzen, ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Julai 1916 vita vikawazidi, ikaamriwa izamishwe isichukuliwe na adui. Wale mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha walipaka injini grisi nzito kabla ya kuipeleka chini. Wanaondoka, wameshindwa, meli si yao tena, lakini wanapaka grisi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafirisha watu, na karibu miaka tisini baadaye ikatubeba sisi. Sasa huyu wetu alikuwa hapigwi mizinga. Alikuwa anawahi gari.

Narudi kwa wale wa "msiguse, watarudi." Ndugu zangu, nani atarudi? Mkataba umeisha. Mtambo wa kompyuta haukai ukingoja kama mtu: kila siku umeme unakatika na kurudi, na kila kukatika ni nafasi moja zaidi ya ile diski kuharibika. Hizo ni diski za zamani, moja tayari inalia kama kriketi. Halafu kuna jambo linaloniudhi zaidi ndani ya hilo neno. Ni kama vile sisi ni watu wa kuwekewa na kuondolewa vitu tu. Ufunguo wa klasta hawakuondoka nao. Uko kwenye faili la k3s ndani ya kompyuta ya kwanza, na mwenye neno la siri la msimamizi wa hiyo kompyuta anao tayari. Kaka yetu pale Kabonga analo, aliachiwa kwenye kipande cha karatasi. Kwa hiyo hakuna ruhusa ya kungojea kutoka Bujumbura wala Geneva.

Kuna mwingine, huyu ni mjuzi kweli na namheshimu, ameandika kwamba dawa ni rahisi: toa fainalaiza kwa mkono, kila kilichokwama kitaondoka. Ni kweli kitaondoka. Hata mwongozo wenyewe unaitaja njia hiyo kwa mtu aliyekwisha kumfuta opereta, na sisi tutaitumia. Ugomvi wangu naye ni kuifanya hatua ya kwanza. Ile alama iliwekwa ili kusema "subiri, kuna kazi haijaisha." Ukiing'oa hujaimaliza kazi, umemnyamazisha tu anayekukumbusha. Na kwa kuwa kuondoka kwa mashine pepe kunaweza kuvuta diski yake, kung'oa alama kabla ya nakala ni kuchezea buletini za watoto kwa amri moja ya mstari mmoja.

Waliotengeneza KubeVirt waliliona hili mapema. Ndani ya ile barua ya opereta kuna mpangilio unaoweza kuuweka useme: kama kuna mashine pepe hata moja bado ipo, kataa kuondolewa. Kwetu haukuwekwa. Dakika moja ya kuandika mstari ule, na yule jamaa wa gari angezuiwa na programu yenyewe, angelazimika kuuliza "hii Windows ina nini?"

Basi hivi ndivyo ninavyotaka tufanye, na anayepinga aseme kwa sababu, siyo kwa kelele.

Kwanza nakala. Tutafute ni kompyuta ipi kati ya tatu inayo ile diski. Kwenye folda la hifadhi la k3s kuna folda ndogo zenye majina marefu yanayoanza na pvc, na mwisho wa jina mtaona jina la ile mashine. Ndani yake kuna faili linaloitwa disk.img. Hilo ndilo. Tuhakikishe Windows haitembei, halafu tulinakili kwenye diski mbili za nje. Mbili, siyo moja. Ni faili kubwa, litachukua muda, kwa hiyo ifanyike siku ambayo umeme umetulia, na mtu akae pale.

Kisha tuhakikishe nakala inafunguka. Hapa ndipo watu hupenda kuruka. Faili kuwepo siyo sawa na faili kufunguka. Mimi huku ninayo kompyuta yenye QEMU, ambayo ndiyo KubeVirt yenyewe inaitumia chini chini, inaweza kuiwasha ile diski bila klasta yoyote. Diski moja iletwe kwa mkono, tuiwashe, tufungue programu ya shule, tutoe buletini zote kwenye faili za kawaida na kuzichapa. Mpaka mwalimu mmoja aone majina kwa macho yake, hakuna mtu kugusa klasta.

Baada ya hapo ndipo kuondoa, na hapo wala sina woga. Tunaanza na kile kibao kinachoelekeza kwenye chumba kisicho na mtu, pamoja na walinzi wa mlangoni ambao KubeVirt iliwaweka kukagua kila badiliko, maana wao nao mabwana zao wamekufa na watakataa kila kitu tutakachojaribu kubadilisha. Ile chesi nadhani itaondoka yenyewe muda mfupi baadaye, mtaona. Halafu alama za kuzuia kwenye mashine pepe na kwenye barua ya KubeVirt, halafu maelezo ya aina za vitu ambayo KubeVirt iliyaongeza kwenye klasta. Kuna pia ndugu yake, CDI, aliyekuwa anaingiza diski. Yeye opereta wake bado yuko hai, kwa hiyo kwake tufuate utaratibu wa heshima: barua kwanza, opereta mwisho. K3s haiguswi. Maktaba haiguswi hata sekunde moja.

Jambo moja la mwisho ambalo halihusu amri. Ile diski ina majina ya watoto, wazazi wao, na maeneo walikotoka. Mnajua kwa nini watu wengine hawataki ijulikane walikotoka. Isipitishwe kwenye WhatsApp, hata kipande, hata picha ya skrini ya "angalieni nimeipata." Diski moja ikae kwa kamati ya wazazi Kabonga, nyingine ikae kwa mkuu wa shule huku, na mimi nikimaliza kutoa buletini nafuta ya kwangu mbele ya watu wawili.

Nahitaji vitu vitatu kabla ya Jumamosi. Kaka wa Kabonga anitumie kwenye namba yangu, siyo kwenye kikundi, majina ya zile folda za pvc kutoka kila kompyuta. Mwenye diski ya nje ya GB 500 ya kuazima aseme, tutairudisha. Na mtu yeyote anayevuka kuja huku wiki ijayo aniambie siku gani, ili diski isisafiri peke yake kwenye mzigo wa basi.